Mpiga Ngoma Aliyetuomba Tutoe Sauti Yake

Jina lake nalijua. Niliwahi kuliona kwenye kitambulisho chake, likanishangaza kwa sababu lilikuwa jina la kawaida kabisa, la mtu yeyote unayepishana naye sokoni. Kwetu alikuwa Afande. Mtaa wote wa Nalufenya ulimwita hivyo, kuanzia mama muuza chapati hadi padri, na yeye mwenyewe akipiga simu alianza na "Hapa Afande," kana kwamba Uganda nzima ina afande mmoja. Siku hizi hayupo tena Jinja. Binti yake alikuja kumchukua, akampeleka kwake kaskazini, na ile nyumba yake ya vyumba viwili wamepanga watu wengine. Nami nimeona nimwandike kabla sijaanza kumsahau, maana nimeshaanza kuongeza chumvi nikimsimulia.

Mimi napiga gitaa la besi kwenye bendi ya roki nzito hapa Jinja. Ndiyo, ile roki ya kelele. Ndiyo, mimi ni mwanamke, tena binti wa mwenye duka wa Nakaloke, karibu na Mbale, niliyesoma madrasa na kuhitimu vizuri tu. Maswali hayo nimeulizwa hadi nimechoka, kwa hiyo nayamaliza hapa hapa tuendelee na mzee. Tulikuwa watu wanne kwenye bendi. Mpiga ngoma wetu wa kwanza alipata kazi Dubai akaondoka na ahadi tele, tukabaki na nyimbo kumi zisizo na mgongo. Ndipo tukasikia kuna askari jela mstaafu huko Nalufenya, aliyepiga ngoma miaka mingi kwenye bendi ya tarumbeta ya magereza, na kwamba seti yake nzima iko sebuleni imefunikwa shuka.

Tulikwenda kuazima ngoma tu. Alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza nani atazipiga. Tukasema tutatafuta mtu. Akatikisa kichwa.

"Ngoma hapana toka bila mimi," alisema.

Tulicheka, tukadhani anatania. Mzee wa miaka sitini na kitu, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, apige roki? Jumamosi iliyofuata alitangulia kufika mazoezini kwa saa nzima. Tulimkuta ameketi na vijiti magotini, viatu vyake amevivua na kuvipanga ukutani. Miaka sita tuliyokuwa naye sikumbuki siku hata moja niliyofika kabla yake, na nilijaribu.

Hakutuita kwa majina. Kwenye bendi za serikali, alisema, mtu ni chombo chake, na chombo kikiharibika mtu anapata kingine lakini jina la kazi linabaki. Basi mpiga gitaa akawa Gitaa, mwimbaji akawa Sauti, mimi nikawa Besi. "Besi, wewe nachelewa." "Gitaa, wewe nakula saa ya kazi." Gitaa alipooa, Afande alipewa nafasi ya kusema neno mbele ya ukoo wote wa Kisoga, akasimama, akasafisha koo, akawaombea baraka "Gitaa na mke ya Gitaa." Wazee walitazamana. Bibi harusi alicheka hadi akajipaka wanja mashavuni.

Kuhusu Kiswahili chake lazima niseme kidogo. Kwetu Nakaloke Kiswahili ni lugha ya dukani na nyumbani. Baba anahesabu, anagombana na anaomba dua kwa Kiswahili. Jinja ni habari nyingine. Mama mwenye nyumba wangu, Msoga wa watu, mpole kabisa, akisikia Kiswahili nje ya dirisha kwanza anafunga kitasa ndipo anauliza ni nani. Kwa watu wa umri wake hii ni lugha iliyokuja na bunduki, iliyokuita utoke nje na mikono juu. Afande aliisema ile ile ya kambini, iliyokatwa miguu na mikia. Kila kitu kwake kilikuwa "iko" au "hapana iko." Sukari hapana iko. Mvua iko. Mke wake, aliyefariki zamani, naye hapana iko. Mimi nilimsahihisha mara moja, kwa kiherehere changu cha madrasa. Akaniambia, kwa adabu, "Besi, hii lugha mimi nilipewa pamoja na viatu. Hapana chagua saizi."

Lakini lugha ya kambini inasemwa kwa ukali, na yeye aliisema kwa kunong'ona. Hili lilitusumbua tangu mwanzo. Kifua chake kilikuwa kipana, shingo nene, ungetegemea mngurumo, na badala yake ulilazimika kuinama umsikie. Mama muuza chapati alilalamika kwamba akija mteja huyo lazima azime redio. Kanisani, na hakukosa kanisa hata Jumapili moja, alisimama na kitabu cha nyimbo kimefunguliwa, midomo imefungwa. Padri alimwalika kwaya mara ngapi sijui. Nilipomuuliza, alisema yeye ni mtu wa kupiga, kuimba ni kazi ya watu wengine. Tulikubaliana kwamba ngoma zimemla koo. Watu hupenda kupata sababu upesi.

Halafu hakuwa anahesabu. Hapa mpenzi wa muziki atanielewa: kila mpiga ngoma wa roki duniani huanzisha wimbo kwa kugonganisha vijiti na kusema moja, mbili, tatu, nne. Afande alikataa. Aliinua kidevu, akakishusha, na kidevu kikishuka uwe umeshapiga, la sivyo umeachwa. Tulichukua miezi miwili kukizoea kidevu hicho. Na si kwenye muziki tu. Alifuga sungura, ukimuuliza wangapi, anasema wengi. Kwa mama wa chapati hakusema nipe mbili wala tatu, alisema nipe za kutosha, na yule mama, kwa kuwa ni mwaminifu, alimpa za kutosha.

Upigaji wake ulikuwa wa gwaride. Mguu wa kulia ulipiga ngoma kubwa bila pambo, sawa sawa, kama watu wengi wanaotembea. Gitaa, ambaye kama Wasoga wengi humtupa "l" akamshika "r," alinung'unika, "Huyu mzee anapiga kama anapereka watu mahakamani." Lakini ukweli ni kwamba uzito tulioutafuta kwa amplifaya na nyaya miaka miwili, yeye aliuleta kwa mguu mmoja usio na kiatu. Watu walianza kutusikiliza. Kabla yake walikuwa wanatuvumilia.

Sijui kama alipenda roki. Nilimuuliza pia hilo. Alifikiri sana, akasema anapenda kwa sababu ni kelele kubwa, na katika kelele kubwa mtu hapana sikia kitu ingine. Nililichukua kama mzaha. Sahani ikianguka jikoni alishtuka, lakini alikaa saa tatu katikati ya spika nne akatoka ametulia, amepumzika kabisa, anauliza kesho saa ngapi.

Wimbo wenyewe aliuandika Sauti. Sauti alikuwa anafanya kazi kwenye geti la kiwanda, anawafungulia wafanyakazi asubuhi na kuwafungia jioni, na siku moja akaja na maneno haya: "Geti linafunguka, tunaingia, geti linafungwa, nani kabaki?" Kwa Kiingereza alikuwa amejaribu yakalala. Kwa Kiswahili yaliuma. Afande alisoma ile karatasi akairudisha, akaenda kukaa nyuma ya ngoma zake. Jioni ile alipiga kwa nguvu hadi akavunja vijiti.

Tuliamua kuurekodi Mbale, kwa fundi mmoja ninayemfahamu tangu utotoni, aliyegeuza chumba cha nyuma cha nyumba ya mama yake kuwa studio kwa kugongomea magodoro ukutani. Tulipanda taksi ya abiria ya asubuhi, ngoma juu ya keria, isipokuwa ile kubwa, ambayo Afande aliipakata magotini kutoka Jinja mpaka Mbale na hakukubali kupokewa.

Siku hiyo, Ijumaa, ilikuwa zamu yake. Fundi alimwekea maikrofoni kila upande, kisha akamwambia kupitia spika, "Afande, tujaribu hiyo ya juu. Sema chochote."

"Nini?"

"Chochote mzee, ila kwa nguvu. Kama unamwita mtu wa mbali."

Afande aliviweka vijiti magotini. Tulimwona kupitia kioo, amefumba macho. Kisha kikatoka kitu ambacho katika miaka sita sikuwahi kukisikia kwa mtu yule wala kukidhania.

"Chuchumaa! Watano watano! Hesabu!"

Fundi alivua vidude vya masikioni akavitupa mezani. Sauti, ambaye ni mtu wa kuimba na anajua sauti, alirudi nyuma hatua. Mimi nilijikuta nimeshainama, nusu ya kuchuchumaa. Afande akafumbua macho, akanywa maji, akauliza kwa mnong'ono wake wa siku zote kama inatosha. Akapiga wimbo mzima mara nne, na ya nne ndiyo mnayoisikia. Jumamosi mchana akarudi Jinja peke yake ili Jumapili awahi kanisani. Hiyo ilikuwa kanuni yake: mtu akimaliza sehemu yake, aage, aende, asiwasimamie wenzake.

Tulibaki sisi watatu na fundi, na tatizo letu lilikuwa mwanzo wa wimbo. Ulipoa kama chai ya jana. Tulijaribu gitaa, tukajaribu kimya, tukajaribu besi yangu peke yake, na mimi mwenyewe nikakiri haifai. Ndipo fundi akasema, "Kuna kitu sikukizima." Akabonyeza.

"Chuchumaa! Watano watano! Hesabu!" Na nyuma yake akaziachia ngoma za ile mara ya nne.

Tulitazamana. Wimbo ulikuwa umepatikana, kila mmoja wetu aliona. Tukaipandikiza ile sauti mwanzo, tukairudia katikati, na jina la wimbo tukalibadilisha kuwa "Hesabu." Niliwaza kumpigia Afande. Simu nilikuwa nayo mkononi. Nikajiambia ataisikia siku ya onyesho, iwe zawadi yake. Sisi wanabendi tuna huo ugonjwa, tunadhani kila kitu kinachopendeza masikioni ni zawadi. Kama ningempigia simu ile, mambo yote yanayofuata yasingekuwepo, na mpaka leo sijui kama hilo lingekuwa jema au baya.

Tuliutoa wimbo mtandaoni kama singo, bila makeke. Redio moja ya Mbale ikauokota, ikaupiga mchana, ikaupiga tena jioni. Baada ya siku chache vijana wa boda wa Mbale walikuwa wakiitana kwa "Watano watano!" hata kama abiria ni mmoja. Na vijana, kwa akili yao wenyewe, wakabuni namna ya kuucheza: sauti ikisema chuchumaa, wanachuchumaa kweli, wameshikana mabega watano kila mstari, wanasubiri ngoma, ngoma ikiingia wanaruka. Sisi tulifurahi kupita kiasi. Afande hakujua lolote. Simu yake ilikuwa ya vibonyezo, na redio yake ilishika stesheni ya nyimbo za dini na taarifa ya habari basi. Mazoezini tulipiga wimbo bila ile sauti, tukakonyezana.

Onyesho lilikuwa Jumapili, saa kumi alasiri, kwenye ua wa ghala moja la zamani la Wahindi katikati ya mji wa Jinja. Watu walijaa hadi kwenye ngazi za nje. Kutoka Mbale zilikuja taksi mbili nzima. Tulianza na nyimbo za kawaida, kisha Sauti akamwashiria fundi, aliyekuja na watu wa Mbale kusimamia spika, na fundi akaachia rekodi.

Ile sauti ikatoka kwenye spika kubwa, kubwa kuliko mtu. Na ua mzima ukachuchumaa. Mamia ya vijana, watano watano, mikono mabegani, vichwa chini, wanasubiri ngoma.

Ngoma haikuja. Niligeuka. Afande alikuwa ameinua vijiti, ameganda navyo, anawatazama wale watoto. Uso wake sitausahau. Aliviweka vijiti chini, akashuka jukwaani bila viatu, akaingia katikati yao, akaanza kuwainua mmoja mmoja kwa kuwashika kwapa. "Simama, mtoto yangu. Simama. Simama." Mwanzoni walicheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Kisha hawakucheka. Msichana mmoja alianza kulia. Gitaa aliendelea kupiga noti moja ile ile kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Mzee aliwainua mpaka wa mwisho, mstari kwa mstari, kisha akatoka kwenye geti akaenda zake. Simu zote zilikuwa juu zinarekodi.

Asubuhi video ile ilikuwa kila mahali. Ndiyo iliyoupaisha wimbo, msidanganywe na mtu. Redio za Kampala zilipiga simu, watu wa Nairobi walipiga simu, na kila mmoja alitaka kujua yule mzee ni nani na wazo lile la ajabu la kuinua watu tulilitoa wapi. Sauti aliwajibu kwamba ni sanaa. Wimbo wetu ulikuwa mkubwa kwa sababu mpiga ngoma wetu aliukataa mbele za watu, na sisi tuliitikia pongezi.

Jumanne nilimpelekea viatu vyake. Nilimkuta uani anawakatia sungura majani. Hakunifokea. Aliniletea kigoda, akasubiri nikae.

"Besi, toa sauti yangu."

Nilimweleza kwamba wimbo uko kwenye simu za watu elfu na elfu, kwamba hata tukiutoa tukauweka mwingine, ule wa kwanza hauwezi kurudi. Nikamalizia na methali, Mungu anisamehe: "Maji yakimwagika hayazoleki, Afande."

"Nani mwaga?" aliuliza.

Akaendelea kukata majani, na akiwa anakata akaniambia. Alisema ilikuwa miaka ile ya utawala wa wanajeshi, yeye kijana, askari mpya kwenye gereza la huko milimani, na alipewa kazi ya hesabu kwa sababu ya sauti. Kila jioni na kila asubuhi wafungwa walichuchumaa mbele yake kwa mistari ya watano watano. Jioni moja walikuwa arobaini, mistari minane kamili. Kabla hakujapambazuka wakaja wanajeshi na karatasi, wakataka mtu mmoja. Yeye ndiye aliyeshika funguo.

"Asubuhi mimi nahesabu. Mstari ya mwisho iko na wanne. Mkubwa nauliza ngapi. Mimi nasema thelathini na tisa. Yeye nasema sawa, naandika. Hapana uliza moja iko wapi." Alisimamisha kisu. "Mimi nangoja mtu ataniuliza. Siku, wiki. Hapana mtu. Mimi naomba kwenda bendi. Kwa bendi hapana hesabu, hapana kuita. Napiga tu."

Nilimuuliza anaogopa nini sasa, baada ya muda wote huo. Alinitazama kama mtu anayeshangaa kuulizwa kitu kilicho wazi.

"Iko mtu anajua hii sauti. Kama bado mzima, yeye nasikia kwa redio, yeye nakuja. Naogopa, Besi. Naogopa sana."

Nilirudi kwa wenzangu nikawaeleza. Sauti alisema tuitoe leo leo, hata wimbo ukifa. Gitaa akasema, "Tumetoka mbari sana, banange, jamani. Tuitoe kwa sababu ya nini, ya mambo ya kare?" Wakanigeukia mimi. Ningependa kuandika kwamba nilisimama na mzee. Nilisema tungoje kwanza. Nilikuwa na tamaa, nilikuwa nimeona jina la bendi yetu kwenye gazeti kwa mara ya kwanza maishani, na nilitaka kuliona tena. Tuliacha wiki ikapita.

Siku ya nane baba alinipigia kutoka Nakaloke. Alisema kuna mzee ameketi dukani tangu baada ya adhuhuri, yule muuza vitunguu ambaye mimi mwenyewe namjua, na hataki chai wala hataki kuondoka. Anauliza mwenye ile sauti ya kwenye wimbo wenu ni nani.

Nilipanda taksi siku ile ile. Huyu muuza vitunguu nilikua nikimwona kila Jumanne sokoni, mtu mcheshi, anayewapa watoto vitunguu vidogo wavichezee kama gololi. Sikuwahi kujua kwamba aliwahi kufungwa. Aliniambia mjukuu wake ndiye alikuwa anacheza ule wimbo kwenye simu, na yeye alikuwa anatawadha, kopo likamponyoka.

"Mwanangu, ile si sauti ya kuigiza. Ile sauti ilinihesabu miezi saba. Mwenyewe yu hai?"

Nikamwambia yu hai.

"Tulikuwa ndani mimi na kaka yangu. Mimi chumba cha kwanza, yeye chumba cha pili. Yeye alikuwa mstari wa mwisho." Akainuka kwenye benchi. "Nataka kumwona. Usiogope, sina cha kumfanya. Mzee kama mimi nitampiga na nini, na vitunguu?"

Nilimwambia pia kwamba mwenye sauti anataka iondolewe kwenye wimbo, na kwamba tutaiondoa. Hilo nililiamua pale pale, mbele yake, bila kumuuliza Gitaa. Yeye akakataa. Alisema miaka yote alikuwa akimtafuta mtu bila jina wala sura, maana ukichuchumaa umeinamisha kichwa unaona viatu tu, na kama tusingeiweka sauti hiyo redioni angekufa hajampata. Ndiyo maana mpaka leo ukiutafuta wimbo utaikuta imo. Afande naye baadaye aliridhia, kwa sharti kwamba tukiupiga mbele ya watu, mtu asichuchumae. Tunalitangaza kabla ya wimbo, na watu wanatii.

Nilimpigia Afande nikamwambia amepatikana yule aliyekuwa akimwogopa. Nilitegemea atasema usimlete.

"Yeye hapana kuja," alisema. "Mimi nakuja."

Kesho yake alishuka kwenye taksi mbele ya duka la baba, ambako muuza vitunguu alikuwa anamngoja, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, amebeba kofia mkononi. Baba alifunga nusu ya mlango wa duka, akatandika mkeka mpya kwenye benchi, akaweka chai mezani katikati ya wazee wawili, kisha akaniambia nikae maana mimi ndiye niliyewaleta. Muuza vitunguu alitoa salamu. Afande aliitikia akiwa amesimama, na akabaki amesimama.

"Mimi ndiyo," alisema kwa ule mnong'ono.

"Keti, bwana."

Aliketi.

"Kaka yangu alikuwa mrefu," muuza vitunguu alisema. "Alikuwa anachechemea."

"Mguu ya kushoto."

Muuza vitunguu aliweka kiganja juu ya meza, taratibu, kama mtu anayeitafuta meza gizani. Chai ilikuwa inapoa na hakuna aliyeigusa.

"Nani alimfungulia?"

"Mimi. Walionyesha karatasi. Mimi hapana soma hiyo karatasi. Nilifungua."

"Walimpeleka wapi?"

"Hapana jua. Gari ilipanda juu, upande ya mlima. Mimi hapana jua, na mimi hapana uliza. Ilikuwa lazima mimi niulize." Alikuwa anaangalia sakafu. "Nisamehe, muzee."

Muuza vitunguu hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Baba alitaka kusema kitu, nadhani dua, nikamgusa mkono anyamaze.

"Mama yetu alikufa akiniuliza kitu kimoja," alisema muuza vitunguu. "Kila siku ananiuliza mimi, kana kwamba nilikuwepo mlangoni. Alisema nini alipokuwa anatoka? Basi sasa nakuuliza wewe. Alisema nini?"

Afande aliinua kichwa. Nilidhani atasema hakumbuki, na ningemwelewa, ni miaka mingi mno. Lakini alikuwa anakumbuka. Nilimwona akikumbuka, na nikaona kwamba hili hasa, kuliko funguo na kuliko karatasi, ndilo alilokuwa analikimbia.

"Aliuliza kama arudi ndani kuchukua sweta," alisema. "Mimi nikamwambia wacha, hapana haja. Utarudi sasa hivi."

Muuza vitunguu alitikisa kichwa polepole, akatazama nje ya ile nusu ya mlango, ambako jua la Nakaloke lilikuwa linaunguza barabara.

"Huko juu," alisema, "alfajiri ile, kulikuwa na baridi?"

"Ilikuwa baridi," Afande alisema. "Baridi sana."